Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wenye Studio na Maduka ya Picha, Moshi

Ndugu wanachama,

Kwa desturi taarifa ya mwenyekiti huanza na salamu ndefu, zikafuata idadi ya wanachama wapya na shukrani kwa kamati, na mambo mazito yakasubiri kwenye "mengineyo", wakati wajumbe wameshaanza kutazama saa na kuulizia chakula. Mwaka huu naomba radhi, sitaifuata desturi hiyo. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na hayana la kushtua isipokuwa mstari mmoja wa faini ambao nitaueleza. Taarifa yangu yote inahusu karatasi ya bei tuliyoigawa madukani, na madai kwamba chama chetu kimepanga bei kinyume cha sheria.

Najua wengi mmezisikia habari hizi nusunusu, kwa hiyo nizisimulie zilivyo. Mlalamikaji ni mzazi. Mwezi Januari, ambao sote tunaujua kuwa ndio mwezi wetu wa mavuno, alikuwa anamtafutia mwanawe picha za pasipoti za kuambatanisha kwenye fomu za kujiunga na kidato cha kwanza. Alianzia karibu na stendi kuu, akapanda hadi upande wa Mnara wa Saa, akamalizia Mbuyuni. Kila alikoingia alikuta ukutani karatasi ileile, imelaminishwa, ina muhuri wa chama chini, na picha 4 ni shilingi 4,000. Alipoomba apunguziwe aliambiwa na maduka yote matatu kwamba "hiyo ni bei ya chama." Akatoa simu, akazipiga picha karatasi zote tatu, akaziambatanisha kwenye barua yake ya malalamiko kwa chama.

Katika picha hizo yanaonekana makosa ya uchapaji yanayofanana. Mstari wa kwanza, badala ya "pasipoti saizi", umeandikwa "pasispoti saizi", na ndivyo ilivyo kwenye karatasi zote. Makosa hayo ni yangu. Niliichapa karatasi hiyo usiku, umeme ukikatika na kurudi, na hakuna aliyesahihisha kwa sababu kila mmoja wetu alitoa kopi ya aliyemtangulia. Mtu akitaka kubisha kwamba bei zetu zilifanana kwa bahati tu, nitamwonyesha neno hilo. Sisi tunaoishi kwa kupiga watu picha tumekamatwa kwa picha.

Nakala ya barua hiyo imepelekwa kwa Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa haki katika biashara. Hadi ninapoandika taarifa hii hatujapokea wito wala swali lolote kutoka huko, na hakuna chombo kilichotamka kwamba tuna hatia. Bado ni madai. Hata hivyo sitawaomba mkae mkisubiri wito, kwa kuwa yaliyotokea tunayajua wenyewe na muhtasari wa kikao tulichopanga bei hiyo upo.

Kikao kile kiliitishwa kwa sababu za kweli. Karatasi za picha na wino vilikuwa vimepanda, kazi ya kusafisha picha za mikanda ilikwisha zamani, picha za harusi na ubatizo watu wanajipigia kwa simu, na kilichobaki ambacho mteja hawezi kukifanya nyumbani ni picha ndogo ya fomu yenye bakgraundi ya bluu. Wengi wetu tulikuwa tunaitoza 2,500 au 3,000, wengine 2,000, na kila mmoja alimlaumu jirani kwamba anaharibu soko. Ndipo likatolewa pendekezo la "bei elekezi". Nikiwa mwenyekiti nililipenda neno hilo, lilikuwa na sura ya kiserikali. Lakini bei elekezi haitozwi faini anayeiacha, na sisi tuliwatoza faini wanachama 4 waliouza chini yake. Huo ndio mstari mtakaouona kwenye mapato.

Linaloninyima usingizi zaidi, hata hivyo, halimo kwenye barua. Kuna kijana asiye mwanachama, mwenye meza moja na printa moja, ambaye alikuwa akiuza picha 4 kwa shilingi 1,500. Kamati iliamua kumwomba muuzaji wa jumla wa karatasi, aliyeko Arusha, asimuuzie tena. Simu nilipiga mimi. Muuzaji alicheka, akasema kwamba kwake anayekuja na hela ndiye mteja, na mambo yakaishia hapo. Wakati ule nilikasirika; leo namshukuru, kwa sababu angekubali tungekuwa tumemfungia mtu riziki yake kwa kosa la kuuza rahisi.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, katika kifungu cha 9 inataja makubaliano ya aina tatu ambayo yamekatazwa bila kuuliza yameliathiri soko kiasi gani: washindani kupanga bei, washindani kumsusia mtu kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Katika hayo matatu sisi tuligusa mawili kwa kikao kimoja. Faini katika sheria hiyo ilivyotungwa ni kuanzia asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka. Naomba neno "mauzo" lisomwe vizuri, maana si faida. Duka ambalo likishalipa kodi ya pango, umeme, karatasi na kijana wa kazi linabakiwa na kidogo, laweza kupoteza faida yake yote ya mwaka kwa asilimia hizo.

Wapo wanachama walionijia na utetezi, na sitaki kuupuuza. Wa kwanza ulisema sisi ni wadogo mno, sheria hii ni ya viwanda vya saruji na bia. Jibu lake nimeshalitoa: kifungu cha 9 hakiulizi ukubwa. Wa pili uliuliza kwa nini EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itangaze bei za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ipange nauli, halafu sisi tukatazwe. EWURA na LATRA ni vyombo vilivyopewa kazi hiyo kwa sheria, navyo haviuzi mafuta wala haviendeshi mabasi. Tena EWURA hutangaza bei kikomo, ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi lakini anaweza kuuza chini yake. Sisi tulifanya kinyume chake: tuliweka sakafu, tukamwadhibu aliyeshuka.

Utetezi wa tatu ulinigusa, kwa kuwa umetoka kwa mzee wetu ambaye baba yake alikuwa mkulima wa kahawa. Alisema mlima huu ulijengwa na watu waliokataa kuuza mmojammoja, akaitaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1933, akauliza kama wale nao walikuwa wahalifu. Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu. Wakulima wale walikusanya kahawa yao mahali pamoja, wakaiuza kupitia chombo kimoja kilichoandikishwa kwa sheria ya ushirika, kwa wanunuzi wakubwa kuliko wao, na mapato yakarudi kwa kila mmoja kwa uzito wa kahawa yake. Sisi hatukukusanya kitu. Kila mmoja alibaki na duka lake, kamera yake na droo yake ya pesa, na aliyekuwa upande wa pili wa meza ni mama mwenye fomu ya mtoto. Hapo ndipo mfano wa mzee wetu unaponishinda kuutumia, ingawa heshima yangu kwake iko palepale.

Kuhusu neno "elekezi", wakili aliyetupa ushauri alinisimulia shauri la Marekani la mwaka 1975, la Goldfarb dhidi ya chama cha mawakili cha jimbo la Virginia. Mume na mke waliokuwa wananunua nyumba walitafuta wakili wa kuwakagulia hati. Waliandikia mawakili 36, wakajibiwa na 19, na hakuna hata mmoja aliyekubali kushuka chini ya kiwango kilichochapishwa na chama cha mawakili wa Fairfax, wilaya mojawapo ya jimbo hilo. Utetezi ukawa kwamba kiwango kile ni ushauri tu. Mahakama ya Juu haikuukubali, kwa kuwa wakili aliyekiacha alijua anaweza kuchukuliwa hatua. Mahakama za Marekani hazitufungi sisi, lakini niliposikia habari hiyo niliikumbuka karatasi yetu, nikaacha kujitetea.

Katika kamati lilitolewa wazo kwamba tuondoe muhuri, tuchane karatasi, kisha tuendelee na bei ileile kwa mdomo au kwenye kundi la WhatsApp. Nimelikataa, na naomba mkutano huu nao ulikatae. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, na tutakuwa tumeongeza kosa la kuficha.

Bei ile, kwanza, haikuwa hata ya haki kati yetu. Mwanachama mmoja wa Majengo alinifungulia daftari lake. Karatasi ya picha ya saizi ya 4R, yaani inchi 4 kwa 6, hutoa picha 8 za milimita 35 kwa 45, yaani wateja wawili wa picha 4. Akaongeza wino, umeme na kodi ya chumba chake cha nyuma, akaonyesha kwamba kwa 2,000 bado anabakiwa na kitu. Shilingi 4,000 ilikuwa hesabu ya duka lenye pango kubwa kuliko wote, na tulipomtoza faini mwanamama huyu tulimwadhibu kwa kuwa na gharama ndogo. Kamati itaandaa siku ya mafunzo ambapo kila mmoja atajifunza kupiga hesabu ya gharama zake na kwenda kupanga bei yake kwake, bila kumtajia mwenzake. Suala la kununua karatasi na wino kwa pamoja ili tupate bei ya jumla linabaki mezani, ila hatutaanza kabla wakili hajatuandikia maoni yake.

Karatasi zote za bei zenye muhuri zishushwe leo na zifikishwe kwa katibu, ambaye atahifadhi moja kama kumbukumbu iwapo tutaulizwa. Barua ya majibu kwa mzazi yule, yenye nakala kwa Tume, imeandikwa na itasomwa mbele yenu kabla sijaisaini. Wanachama 4 waliotozwa faini waende na risiti zao kwa mweka hazina, watarejeshewa fedha zao zote kabla ya mkutano kufungwa. Aliyepoteza risiti asihangaike, majina yamo kwenye daftari kwa mwandiko wangu.