Hizo si hoteli za Nairobi, Mhariri

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nilipokuwa mwanagenzi wa cherehani pale Barabara ya River, na miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumamosi juzi, yale ya hoteli kumi ambazo kila mkazi wa Nairobi eti sharti ale kabla mwaka haujaisha, yamenishinda kunyamazia.

Nimezihesabu zote kumi. Westlands, Karen, Gigiri, Kilimani, basi. Mwandishi wenu hakuvuka Barabara ya Tom Mboya hata mara moja. Eastleigh hakuiona. Kariokor hakuiona, soko lililobeba jina la wapagazi wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia na ambalo kwa choma ya mbuzi halihitaji kutangaziwa. Kenyatta Market, ambako akina mama wanasukwa nywele upande mmoja na mbavu zinageuzwa makaani upande wa pili, pia hakuiona. Hata huko Kilimani alikofika aliiruka hoteli ya Mama Oliech, ambako mwaka wa 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alikula samaki mzima kwa ugali na kuwaonyesha watu wake dunia nzima. Mgeni wa Marekani alipajua, mwandishi wa Nairobi hapajui?

Acha nieleze kilichonichoma. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alitoka Mombasa kumleta binti yake chuoni. Gazeti lilikuwa mezani, akasoma makala yenu, akaweka kidole kwenye hoteli ya tatu kwa sababu mmeandika wanapika samaki wa kupaka. Mgeni akitaka kitu utamnyima? Tukaenda wanne, tumevaa. Maji tuliomba ya glasi, tukaletewa chupa nne tayari zimefunguliwa, shilingi mia tatu kila moja. Ugali hawapiki. Baada ya dakika hamsini samaki akaja juu ya kibao cheusi cha jiwe, kipande cha kutosha kiganja, amemwagiwa mchuzi mweupe. Shemeji aliinua ngozi kwa ncha ya uma akaitazama. Ilikuwa nyororo, rangi ya maji, hakuna hata alama moja ya wavu wa kuchomea. Akaonja mchuzi, akauweka uma chini taratibu. "Shemeji," akaniambia, "huyu hajaona moto. Na hii ni malai ya ng'ombe, si tui." Samaki wa kupaka huchomwa kwanza makaani, ndipo akapakwa tui zito lenye ukwaju, tangawizi na pilipili, arudishwe motoni, apakwe tena. Ndiyo maana akaitwa wa kupaka. Mtu aliyelelewa Mji wa Kale amekaa mbele yangu anakula mkate ili ashibe, nami ndiye mwenyeji wake! Bili ilikuja shilingi elfu kumi na moja na mia nne, na chini yake asilimia kumi ya huduma, huduma ya kutusubirisha. Nililipa fedha ya suruali sita za sare za shule, na njiani kurudi Buruburu hakuna aliyesema neno.

Na hiyo menyu yenyewe, Mhariri, ilikuwa Kiingereza kitupu, na palipoisha Kiingereza pakaanza Kifaransa. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mimi nilimuuliza kijana wa kuhudumu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza mara tatu, ingawa nilimsikia akiongea Kiswahili safi na mwenzake mlangoni. Kijana simlaumu. Namlaumu aliyemfunza kwamba mteja wa Kiswahili ni mteja mdogo.

Kesho yake nilimpeleka shemeji Eastleigh. Sinia moja la wali na mbuzi, ndizi mbivu pembeni, ndimu, pilipili ya kijani iliyosagwa, na bakuli la supu ambalo hukuagiza wala hulipii. Tulikula wanne kwa mkono, tukabakisha. Shemeji aliomba supu ya pili, akaletewa bila kuulizwa jina.

Sasa nawaomba hivi. Mtumeni mwandishi yuleyule, si mwingine. Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri apande matatu namba 6 au 9 hadi Eastleigh, ana shilingi elfu moja mfukoni na simu ameizima mpaka amalize kula. Jumamosi saa saba mchana awe Kariokor, achague mbavu zake mwenyewe zikiwa bado ndoanoni, azingoje hapohapo penye moshi mpaka ziive. Kisha andikeni upya, na kando ya jina la kila hoteli mchape bei ya sahani moja, nauli kutoka katikati ya jiji, na kama maji ya kunywa ni ya bure.

Shemeji anarudi Desemba kumchukua binti yake. Nataka makala hayo yawe yametoka kabla hajashuka kwenye treni.

Fundi wa cherehani,
Barabara ya River, Nairobi