Barua za askari wa Vita vya Kagera zihifadhiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie barua walizoandika askari wetu baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera mwezi Oktoba 1978, hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 na hata baadaye.

Hapa Mpwapwa tunazo za marehemu kaka yangu. Kuhusu mapigano hakuandika karibu neno, bali aliuliza kama uwele umekomaa, akaagiza ndama asiuzwe kabla hajarudi, na katika barua moja, ambayo mama alitaka asomewe kila jioni, aliwataja wadogo zake wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Vitabu vya historia vinaeleza vizuri kuvunjwa kwa daraja la Kyaka, lakini havitufikishi hapo.

Karatasi hizo sasa zinaliwa na mchwa. Naiomba Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipite vijijini, izinakili, kisha izirejeshe nakala halisi kwa familia, ikianza na wajane ambao umri wao umekwenda sana.

Msomaji wako,
Mpwapwa, Dodoma