Dar mpaka Njombe siku tatu, na hatukuchelewa kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila ikikaribia Disemba mnaandika nauli zimepanda, stendi zimefurika, trafiki wametega tochi za kupima mwendo, sawa, yote kweli, ila sijaona mkituambia hizo barabara tunazozikimbiza zina nini pembeni. Mimi kwetu ni Njombe, nimezaliwa Temeke lakini kwetu ni Njombe, na hiyo njia nimeipita karibu kila mwaka tangu niko darasa la pili. Nilichokuwa nakijua ni Mikumi ya dirishani, mlima Kitonga nikiwa nimefumba macho, na supu ya Makambako. Basi.

Mwaka jana ukoo ulikubaliana tukutane nyumbani kujengea kaburi la babu. Tukakodi kosta, watu kumi na nne na watoto juu, na safari hii tukawa na shangazi mkubwa ambaye ana miaka 76 na alikuwa hajaenda nyumbani miaka tisa kwa ajili ya magoti. Daktari wake akasema asikae kwenye gari zaidi ya masaa matatu bila kushuka kujinyoosha. Ule mpango wetu wa siku zote, kutoka saa kumi alfajiri ili tulale Njombe, ukafia hapo. Baba mdogo alinuna mpaka Chalinze, na mbele kidogo dereva akapigwa tochi, elfu thelathini, akapata sababu ya kuendelea kununa.

Ila Mhariri, yale magoti ndiyo yalitutembeza.

Mikumi barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50, mwendo umewekewa kikomo, kushuka marufuku, na madereva wengi pale wanajiona wanaonewa. Sisi tulikuwa hatuna haraka tena kwahiyo tukaenda mdogo mdogo, tembo watatu wako hapohapo karibu na lami wanapepea masikio, watoto wote wameganda upande mmoja wa gari. Tukalala Mikumi mjini kwenye gesti ya kawaida tu, wanawake wakapiga soga mpaka saa nane usiku.

Kesho yake tukashuka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Shangazi kasimama na mkongojo wake anaminya shingo za vitunguu kimoja kimoja, kikibonyea anakirudisha, muuzaji anacheka tu, bibi huyu haibiwi. Aliporudi kwenye gari akaomba akae siti ya mbele, tulipoanza kuipanda Kitonga nyuma ya malori akasema hapa nililala siku mbili mwaka 1967. Gari zima kimya. Kumbe baada ya Ian Smith, yule mkuu wa walowezi, kujitangazia uhuru wake kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1965, mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia huko yakawa yanapitia Dar, malori yanapanda na mapipa yanashuka na shaba, na barabara enzi hizo vumbi kiangazi, masika tope. Yeye alikuwa binti, alipanda lori la shaba Makambako, likakwama Kitonga kwenye mvua. Na aliyempandisha ni babu, huyo huyo babu ambaye sisi wote tumekua tukihadithiwa ni mkali hataki mtoto wa kike atoke hata nje ya kijiji, ndiye alimbembeleza dereva, akampa binti blanketi na mahindi ya kuchemsha, akamwambia nenda kasome ushonaji usirudi mpaka ujue. Baba yangu ana miaka sitini na kitu na alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Kaburi tulilokuwa tunaenda kulijengea likawa la mtu mwingine kabisa.

Kabla ya Iringa tukasimama Lugalo, pale kwenye mnara. Mtoto wa dada yangu akauliza Lugalo si hospitali ya jeshi? Ikabidi tumweleze kwamba jina limeanzia hapo, tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walilipiga jeshi la Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafa. Miaka yote hiyo tunapita hapo tumelala midomo wazi! Kalenga, liliko fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, hatukufika, muda ulitubana.

Siku ya tatu asubuhi, Isimila, mbele kidogo ya Iringa. Nguzo za mchanga zimechongwa na maji, ndefu, na shoka za mawe za watu wa zamani, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Shangazi hakuweza kushuka korongoni, akabaki juu na baba mdogo. Hawa wawili walikuwa hawasemeshani vizuri kwa ajili ya shamba la miti. Tunapanda tunawakuta wanagawana hindi la kuchoma. Sijui waliongea nini, ninachojua kikao cha ukoo hilo shamba tulikuwa tumelitengea asubuhi nzima na liliisha kwa dakika kumi.

Hizo siku za ziada ziliniongezea kama elfu hamsini hivi, malazi na chakula.

Ombi langu basi, mkichapa nauli za Disemba wekeni na kakipande kadogo, barabara hii ina nini, kile kiko kilomita ngapi toka lami. Sio huku kwetu tu, watu wa Babati wanapita Kolo kila mwaka na michoro ya mapangoni ya Kondoa iko hapo jirani, tangu 2006 ni urithi wa dunia, waulizeni wangapi wameiona.

Shangazi ameshapiga simu. Anataka mwaka huu tukitoka Njombe tusirudi na njia ileile, tupite Songea akaone walipozikwa mashujaa wa Majimaji, halafu Tunduru, Masasi, tutokee Lindi. Baba mdogo anasema simu yake siku hizi haishiki mtandao.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam