Barua ya wazi kwa Waziri: mhandisi na daktari wakutane wodini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: UTAFITI WA ROBOTI NA MITAMBO INAYOJIENDESHA KATIKA TIBA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, na kazi yangu ya kila siku ni kufufua mashine zilizolala. Nianze na habari ya dripu.

Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni nilitengeneza kifaa cha kusimamia dripu. Taa ndogo upande mmoja wa chemba ya matone, kihisi upande wa pili. Tone likipita, mwanga unakatika na kifaa kinahesabu, halafu mota ndogo inabana au kulegeza mrija mpaka kasi ifike pale alipoandika daktari. Kwenye karakana yetu yenye mapazia mazito hakikukosea hata tone moja. Nikapewa A.

Msimamizi wangu akanitafutia nafasi ya kukionyesha katika wodi ya hospitali moja. Ilikuwa saa nne asubuhi, nikafunga mitambo yangu karibu na dirisha, jua limeshapanda. Kihisi kikapofuka. Kwa kuwa hakikuona tone, kifaa kikaamini dripu imesimama, kikazidi kulegeza mrija, na maji yakamwagika kwa kasi. Namshukuru Mungu mrija ulikuwa unaelekea kwenye ndoo, si kwenye mshipa wa mtu.

Sista wa zamu alinitazama, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, umewahi kukaa wodini hata siku moja?" Sikuwahi. Akanishika mkono, akanipeleka kitanda kwa kitanda. Akanionyesha anavyohesabu matone kwa saa yake ya mkononi, robo dakika, kisha anazidisha kwa nne. Lita moja kwa saa nane, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone kama 42 kwa dakika. Mgonjwa akikunja kiwiko, kasi inabadilika. Ndugu akimwinua mgonjwa kwenda chooni, inabadilika tena. Katika miaka minne ya masomo sikuwa nimeambiwa habari ya kiwiko.

Mheshimiwa, ukitaja roboti za tiba wengi wetu tunawaza mikono ya chuma ya ng'ambo. Mimi natazama zilikozaliwa. Mwaka 2016 mtambo uitwao STAR ulishona utumbo wa nguruwe hai, na mwaka 2022 ukaonyeshwa tena ukifanya kazi hiyo kupitia matundu madogo, sehemu kubwa ukijiendesha wenyewe. Axel Krieger aliyeongoza kazi hiyo ya pili, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ni mhandisi. Lakini mtambo ulilelewa ndani ya hospitali ya watoto mjini Washington, akiwa bega kwa bega na daktari wa upasuaji, Peter Kim. Utumbo unateleza, unavutika, unahama ukiugusa, na tabia hizo mhandisi hawezi kuzijua akiwa mbali na meza ya upasuaji.

Wala si lazima kila chuo kianze na mashine yake. Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, kilishiriki kutengeneza roboti ya utafiti wa upasuaji iitwayo Raven, na mwaka 2012 toleo lake la pili likagawiwa kwa vyuo vingine pamoja na programu huria ya kuiendesha. Na jirani zetu wamekwisha sogea. Jacques Marescaux, daktari Mfaransa ambaye mwaka 2001 alikaa New York akaongoza roboti iliyotoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, ndiye mwanzilishi wa IRCAD, taasisi ya kufundisha na kutafiti upasuaji wa matundu madogo, ambayo tangu 2023 ina kituo chake Kigali.

Sisi tulikuwa na mwanzo mzuri. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza 1963, ikawa kitivo cha Chuo Kikuu 1968, na kitivo cha uhandisi kikafuata 1973. Kwa zaidi ya miaka thelathini daktari na mhandisi walikuwa watoto wa chuo kimoja, mpaka Muhimbili ilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Siulaumu uamuzi ule. Chuo hicho cha Muhimbili, MUHAS, kimekua, leo kinafundisha uhandisi tiba, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) nayo inafundisha. Ila kutoka Mlimani, walikobaki wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi Muhimbili ni mwendokasi kutoka Ubungo, unashuka Fire, unamalizia kwa miguu. Umbali huo mfupi haupaswi kuwa ukuta.

Mradi wa HEET, wa kuboresha vyuo vikuu kwa fedha za Benki ya Dunia, umeleta mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kwa elimu ya juu, na majengo yanapanda. Naomba katika maabara hizo mpya kuwe na sheria moja: utafiti wowote wa roboti au mtambo wa tiba usipewe fedha za umma, za Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) au za chuo, bila wasimamizi wawili, mmoja mhandisi na mwingine daktari au muuguzi anayehudumia wagonjwa. Muuguzi nimemtaja makusudi, maana yeye ndiye anayekaa na mashine usiku kucha. Pia kibali cha maadili kikitolewa na chuo kimoja kitambulike na kingine. Namjua mwanafunzi aliyesubiri vibali viwili mpaka muda wake wa shahada ukaisha, akahitimu kwa kujaribia mdoli.

Na kabla ya mwanafunzi wa uhandisi kuandika pendekezo lake, akae wodini wiki mbili, akitazama tu. Hilo halihitaji mkopo.

Kifaa changu ninacho bado. Nimekivika kofia ya plastiki nyeusi kukinga jua, na sasa kinapiga kengele na kufunga mrija kisipoona tone. Sista aliyeniuliza swali lile yupo kazini, na amekubali kukaa na mwanafunzi yeyote utakayemleta, zamu ya asubuhi, kuanzia saa moja na nusu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa vifaa tiba,
Dar es Salaam.