Rudisheni: barua kwa ndugu mliookoka, soko la Luanda, magharibi mwa Kenya

Wapendwa katika Bwana,

Bwana asifiwe. Tangu krusedi ya juzi mmekuwa mkipita kusalimia wazee, wengine mkilia, wengine mkiimba, nami nimefurahi pamoja nanyi kwa moyo wote. Wengi wenu ni watu wa sokoni na wa steji ya boda. Nawajua, na baadhi yenu najua mnadaiwa na nani. Ndiyo maana naandika waziwazi, kila mmoja ajisomee.

Paulo anasema mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita. Nimeshasikia mstari huu ukitolewa na mtu anayedaiwa, akimjibu mama anayemdai: "Mama, hayo ni ya kale, yalipita." Hapana, wanangu. Iliyopita ni hukumu iliyokuwa juu yako, na dhambi iliyokutawala. Pesa za mama wa watu hazijapita. Paulo huyohuyo alimrudisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, kwa Filemoni, na katika barua yake akaandika kwamba kama kuna deni lihesabiwe juu yake Paulo, atalilipa yeye. Hakumwambia Filemoni asahau kwa sababu Onesimo ameamini.

Msomeni Zakayo tena, Luka 19, polepole. Yesu alimwita ashuke mtini na kusema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia. Asiwepo wa kuwadanganya kwamba wokovu mnaununua kwa kulipa madeni. Lakini angalieni neema ilimfanya nini mtoza ushuru huyu. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mkosaji akikiri arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kurudisha mara nne kulikuwa kwa mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Zakayo alijipangia mwenyewe ile mara nne ya mwizi, na nusu ya mali akawapa maskini, na hakuna aliyemlazimisha. Hapo ndipo Yesu aliposema wokovu umefika nyumba hii.

Kuna mama mmoja sokoni hapa, sitamtaja. Gorogoro yake, mkebe wa kupimia mahindi, ilikuwa imebonyezwa kitako ipime kidogo, mnaijua kazi hiyo. Alipookoka, siku ya soko iliyofuata alikuja na gorogoro mpya, akaipindua wateja waone kitako, kisha akapima mpaka mahindi yakamwagika pembeni. Wateja wake wa zamani aliwaambia, "Nimekuwa nikiwapunja," akawaongezea viganja viwili, kila mmoja, wiki baada ya wiki. Hakuhubiri. Sijasikia ushuhuda uliozidi ule hapa Luanda, na nimesikia mwingi.

Waliotutangulia waliyajua haya. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937, ulienea hadi huku kwetu. Vitu vilivyoibwa vilirudi kwa wenyewe, madeni yaliyosahaulika yakalipwa, waliohasimiana wakaombana msamaha. Ndugu wale waliyaita hayo kutembea nuruni. Siku hizi tunapenda zaidi kuanguka mbele ya madhabahu, na sibezi machozi ya mtu, ila Jumatatu nataka kukuona ukigonga mlango wa uliyemkosea.

Vijana wa boda, nina neno zito kwenu. Wako wenu waliozaa mtoto wakamkana, msichana akabaki kwao akihangaikia maziwa na karo. Wewe ulimwomba Mungu akuite mwana. Nenda ukamwite mwanao mwana. Nenda na mzee wa ukoo au wa kanisa, kaa chini na wazazi wa yule binti, usikilize matusi mpaka yaishe, kisha useme utatoa nini kila mwezi, na utoe. Usiende na ahadi kubwa. Nenda na kiasi utakachokiweza hata mwezi wa mvua.

Asiye na pesa asijifiche. Mpigie anayekudai, mwambie, lipa mia mbili mbili kwa simu mkiandikiana. Kama uliyemdhulumu amefariki, tafuta watoto wake; Hesabu 5 inataja hata asiyeacha ndugu wa karibu, kwamba fidia yake apewe Bwana kupitia kuhani.

Jihadharini na jambo moja. Dhambi zinazomgusa mtu mwingine, hasa za ndoa, msizitaje kwenye maikrofoni. Dhambi yako ni yako kuikiri, jina la mwenzako si lako kulitangaza. Leteni hayo kwa mchungaji faraghani. Na mtu akikataa kukusamehe, usimkasirikie. Hajaokoka kwa krusedi yako, na jeraha ni lake.

Wiki hii kila mmoja achukue daftari, aandike majina: nani ananidai, kiasi gani, nani nilimnenea uongo. Anzeni na jina linalowatia hofu kuliko yote. Anayeogopa kwenda peke yake anipitie Jumamosi baada ya saa nane, niko nyumbani. Tutaomba kwanza, halafu nitamsindikiza mpaka mlangoni, na akitaka nitaingia naye.

Ni mimi baba yenu katika imani,
Mzee wa kanisa, Luanda