Upande wa kuanzia: barua kwa mwalimu kuhusu nukta nundu

Mwalimu, rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Unasema muhula huu umeletewa mtoto asiyeona, kaja na vifaa vyake vya kuandikia, yaani sleti, stailasi na bunda la karatasi ngumu, nawe hujui hata herufi moja ya nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Herufi zisikutishe, utazimaliza jioni moja. Kinachowatatiza walimu wanaoona ni uandishi, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Breli, kama wenzetu wa Kenya wanavyopenda kuiita, si lugha. Ni alfabeti tu. Kiswahili kinabaki Kiswahili. Kila herufi hukaa ndani ya seli, kijumba chenye nafasi sita za nukta katika safu mbili. Safu ya kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni 1, 2, 3. Ya kulia ni 4, 5, 6. Nukta huinuka karibu nusu milimita, na kutoka nukta hadi jirani yake ni kama milimita 2.5, kwa hiyo seli nzima huingia chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Ujanja wote uko hapo. Mfaransa aliyetangulia, Charles Barbier, alikuwa na mfumo wa kuandika kwa nukta 12, ambazo kidole hakiwezi kuzipokea kwa pamoja. Louis Braille, kijana wa Kifaransa aliyepofuka utotoni, akazipunguza zikawa sita mwaka 1824, akiwa na miaka 15.

Kariri herufi kumi za kwanza, basi. Zinatumia nukta nne za juu tu: a ni 1, b ni 1-2, c ni 1-4, d ni 1-4-5, e ni 1-5, f ni 1-2-4, g ni 1-2-4-5, h ni 1-2-5, i ni 2-4, j ni 2-4-5. Kumi zinazofuata ni zilezile zikiongezwa nukta 3: a inageuka k, b inageuka l, hivyo hivyo mpaka j inayogeuka t. Kisha chukua a, b, c, d, e, uziongeze 3 na 6 kwa pamoja, upate u, v, x, y, z. Umeona w imerukwa. Kifaransa cha zama zile hakikuihitaji, ikaingizwa baadaye kwa umbo lake la 2-4-5-6. Sisi ambao hatumalizi sentensi bila "wa" na "kwa" inabidi tuijue mapema. Q na x zisikupotezee muda.

Herufi kubwa hutanguliwa na nukta 6 peke yake. Tarakimu hazina maumbo yao: unaweka alama ya namba, 3-4-5-6, halafu a mpaka i zinasomeka 1 mpaka 9, na j ni sifuri. Mtoto akisahau alama hiyo, 1978 itasomeka "aigh". Na kosa la kinyume lipo: ukiandika chumba 12c bila kitu kati ya 2 na c, msomaji atasoma 123. Hapo weka 5-6 kabla ya c, ajue kwamba namba zimekwisha. Ritifaa ya ng'ombe ni nukta 3, kwa hiyo neno hilo, likiandikwa herufi kwa herufi, linachukua seli saba.

Sasa sleti. Ni vibao viwili vilivyoungwa kwa bawaba, karatasi inabanwa katikati. Cha juu kina madirisha, cha chini kina vishimo sita chini ya kila dirisha. Sleti ndogo ya kawaida ina mistari minne yenye madirisha 27 au 28. Stailasi ni msumari mfupi wenye mpini wa kukaa kiganjani. Unasukuma karatasi iingie kishimoni, na nundu inatokea upande wa pili. Ndiyo maana mwandishi huanza kulia kwenda kushoto: akigeuza karatasi, maandishi yanasomeka kushoto kwenda kulia.

Hapa walimu wengi huharibu. Wanamwambia mtoto, "Ukisoma, 1-2-3 iko kushoto, ukiandika, iko kulia." Mtoto anabeba alfabeti mbili kichwani, moja kinyume cha nyingine. Achana na kushoto na kulia. Mfundishe kwamba kila seli ina upande wa kuanzia na upande wa kumalizia. Nukta 1, 2, 3 ni upande wa kuanzia, ule mkono unaoufikia kwanza. Asome, aandike, kanuni ni hiyohiyo moja.

Asipoishika, utaona makosa ambayo hata kompyuta haiwezi kuyakamata, kwa sababu herufi kadhaa ni vioo vya nyingine: e na i, d na f, h na j, r na w. Herufi moja ikigeuzwa, "dua" inakuwa "fua", "hina" inakuwa "jina", "kura" inakuwa "kuwa". Irabu za "kiti" zikigeuka zote mbili, umepata "kete". Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba tahajia yake ni mbovu, tazama kama kosa ni la kioo. Mtoto wa namna hiyo anajua neno vizuri. Mkono ndio ulioingia seli kwa upande usio wake.

Stailasi isimame wima. Ikilala, nukta inatoka nje ya nafasi yake au karatasi inachanika, na nukta iliyochanika haishikiki. Karatasi ya daftari ni nyepesi mno. Breli inataka ya gramu 120 hadi 160 kwa mita mraba, ingawa kwa mazoezi kalenda ya mwaka jana inafaa kabisa. Baada ya mistari minne sleti inashushwa, na pini zake za juu zinaingia katika matundu yaliyotobolewa kwenye karatasi na pini za chini. Asipoyatafuta matundu hayo kwa kidole, mstari wa tano utapanda juu ya wa nne.

Mkipata mashine ya Perkins, yaani taipureta ya breli, shukuruni, ila andaa meza imara, maana ina uzito wa karibu kilo 5. Ina vitufe sita na mwambaa wa nafasi katikati: kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hubonyeza 1, kidole cha kati 2, cha pete 3, mkono wa kulia 4, 5, 6 kwa mpangilio huohuo. Vitufe vya herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. Kidole kimoja kikilegea, d inatoka c. Nundu hutokea juu papo hapo, hivyo hakuna kugeuza chochote. Ndiyo sababu mtoto aliyezoea mashine tu hubabaika akipewa sleti, na mimi ningempa sleti mapema, hata kama shule ina mashine, kwa kuwa sleti inaingia kwenye begi.

Kufuta ni shida kote kote. Nundu ukiibonyeza kwa ukucha inalala, lakini alama inabaki na kidole kinaisikia. Afadhali arudi nyuma, ajaze seli yote nukta sita, aandike upya mbele yake.

Kwenye kusoma, angalia mikono kuliko kitabu. Vidole vijikunje kidogo, viguse kwa wepesi, viteleze kando kwenye mstari. Mtoto anayekandamiza hufifisha hisia ya kidole na kulaza nundu, na anayesugua juu-chini huipoteza seli. Mkono wa kulia unapomaliza mstari, wa kushoto uwe umeshatafuta mwanzo wa unaofuata. Jambo jingine linalowapoteza wanaoanza ni kimo: nukta kituo ni umbo la d lililoshuka ngazi moja, 2-5-6, na alama ya kuuliza ni h iliyoshuka, 2-3-6. Seli ikiwa peke yake hakuna cha kulinganishia, basi mazoezi ya mwanzo yawe maneno mafupi, si herufi moja moja katikati ya ukurasa mtupu.

Kwa wewe mwenyewe, kata trei ya mayai ubaki na vikombe sita, weka vizibo vya soda kama nukta, mtoto avipapase akusahihishe. Ukisahihisha kazi yake kwa macho, egemeza karatasi dirishani mwanga uje kwa pembeni, vivuli vya nundu vitajitokeza. Na vitabu vyake visirundikwe chini ya vingine. Visimamishwe, visije vikasagika.

Nakuachia neno moja, ulisome leo kabla ya kulala: 2-4-5, 2-4, 1-2, 1-3-6. Ukipata "hebu", umegeuza seli mbili za mwanzo.

Wasalaam,
Rafiki yako