Kwa mpwa wangu: lipunguze begi kabla hujapanda ndege

Kwako mpwa wangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kupangiwa umisheni. Miezi 11 si mchezo: Thailand, kisha Kambodia, umalizie Nepal, na mali yako yote iko mgongoni. Orodha uliyoweka kwenye kikundi cha familia nimeisoma mstari kwa mstari. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu vijana wengi wa makanisa ya Nairobi wanajiandaa kwa safari kama yako, na orodha zao hazitofautiani sana na hiyo: jinzi 4, viatu jozi 5, blanketi, dawa ya meno ya kumaliza mwaka.

Huko unakokwenda watu wanaoga, wanavaa na wanapiga mswaki. Pakia vitu vya wiki moja, kisha ufue. Jinzi moja ina uzito wa gramu 600 hadi 800, kwa hiyo hizo 4 pekee zinakaribia kilo 3, na ikilowa, katika hewa ya unyevu ya Bangkok haitakauka usiku mmoja.

Anza na uzito wa mwili wako. Mzigo wa kubeba mara kwa mara usizidi asilimia 20 ya uzito huo. Ukiwa na kilo 60, kikomo chako ni kilo 12, begi lenyewe na chupa ya maji vikihesabiwa. Shirika la ndege linaweza kukuruhusu kilo 23, lakini ndege haitakubebea begi kutoka kituo cha basi hadi kijijini. Mmisionari anayefika akihema na kutafuta wa kumsaidia mzigo ameanza kwa kuwapa wenyeji wake kazi ya ziada, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika orodha yako.

Begi la lita 60 linatosha. La lita 80 utalijaza tu, maana nafasi ikiwepo haikosi kitu cha kuingizwa. Kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, utapata mabegi mazuri ya mitumba kwa bei nafuu kuliko ya dukani, ila kagua kabla hujauliza bei. Fungua mdomo wa begi upitishe kiganja ndani: ukikuta unga mweupe, utando unaobanduka au unaonata, ile rangi ya kuzuia maji imeoza na haitengenezeki. Vuta mikanda ya mabegani kwa nguvu pale iliposhonewa mgongoni, kwa sababu hapo ndipo begi hukatika. Uzi ukiwa umelegea lakini kitambaa ni kizima, fundi wa viatu atapashona kwa uzi wa nailoni. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni. Ikibaki imebonyea, achana na begi hilo. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, hasa kwenye kona.

Sasa kipimo cha mgongo, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Inamisha kichwa, papasa mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Halafu shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye ule mfupa wa shingo hadi kwenye mstari unaounganisha vidole gumba. Ukipata kama sentimita 45, saizi ya kati itakufaa. Urefu wako wa kusimama hausaidii hapa, kwani watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na migongo tofauti kabisa.

Wakati wa kuvaa, legeza mikanda yote kwanza. Funga wa kiunoni, ukae juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Kisha kaza wa mabegani, halafu ile midogo inayotoka juu ya mabega kwenda kwenye begi, na mwisho wa kifuani. Ukivuruga mpangilio huu ukaanza na mabega, uzito wote unaning'inia hapo na baada ya nusu saa mikono inakufa ganzi. Nyonga ndizo zinazopaswa kubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Ndani ya begi, vyepesi usivyovihitaji mchana vikae chini kabisa: nguo za kulalia, sweta. Vizito viegemee mgongo, katikati. Ukiviweka upande wa nje, mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma na wewe unainama kulisawazisha. Koti la mvua likae juu.

Mvua za huko si za kuchukulia kirahisi. Nepal zinanyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na Thailand huanza mapema zaidi na kuendelea hadi Oktoba. Kile kifuniko cha mvua kinachovalishwa begi kwa nje hakifuniki upande wa mgongo, na maji hushuka na jasho hapohapo. Kinga halisi iko ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tafuta mfuko wa turubai jepesi unaokunjwa mdomo mara 3 na kufungwa kwa klipu. Nguo zote ziingie humo.

Nguo zenyewe: fulana 4, suruali nyepesi 2, sketi ndefu 1, sweta 1, koti la mvua, chupi 7, soksi jozi 4. Chagua polista au kitambaa chembamba kinachokauka haraka. Mahekaluni mabega na magoti yafunikwe, na hata vijijini utaheshimiwa zaidi ukivaa hivyo. Leso (kanga) 2 usiziache. Leso ni taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo na kifuniko cha kichwa, na inakauka kabla ya chai ya asubuhi. Viatu ni jozi 2 tu, sandali imara na raba, na raba uvae ndani ya ndege. Baridi ya Nepal isikufanye ubebe koti zito miezi yote hiyo. Mtaa wa Thamel, Kathmandu, umejaa maduka ya makoti na mifuko ya kulalia, ya kununua na ya kukodi.

Nywele uzifikirie mapema. Msusi anayezijua nywele zetu hutampata kirahisi vijijini Nepal. Jifunze kujisuka mistari ya kawaida, au zikate fupi. Beba kitana cha meno mapana na kopo moja la mafuta la gramu 200. Sodo za miezi 2 zinatosha, nyingine utanunua.

Mkoba mdogo wa mkononi, usiozidi kilo 7, ubebe vile ambavyo vikipotea safari inasimama. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha lazima kuingia Thailand ukitokea Kenya, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Dawa zako zikae kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Zenye kodeini au tramadoli zinaweza kukutia matatani hata mahali unapopita tu, Dubai ikiwemo. Pawabenki haikubaliwi kwenye mzigo wa chini ya ndege: ya mAh 20,000 ni kama Wh (wati-saa) 74, chini ya kikomo cha 100, ila maandishi yake yawe yanasomeka. Plagi yetu ya pini 3 bapa haitaingia kwenye soketi nyingi za Thailand wala Nepal. Adapta moja ya nchi zote inamaliza kazi.

Biblia beba moja, ndogo, ya kwako. Usipakie mabunda ya vijitabu vya kugawa. Sheria ya jinai ya Nepal iliyoanza kutumika Agosti 2018 inakataza kumgeuza mtu dini, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5, na mgeni hufukuzwa nchini akimaliza adhabu yake. Wenyeji waliokupokea nao wanaweza kubaki na kesi, hata wewe ukiwa umesharudi Nairobi. Zungumza na kiongozi wa timu yako kuhusu hili kabla ya kufunga begi.

Wiki 2 kabla ya kuondoka, jaza begi kamili, ulipime, kisha ulivae uzunguke msitu wa Karura kwa saa mbili, bila kulitua. Ukirudi, toa vitu 3 vya kwanza ambavyo ulijutia njiani. Hivyo pamoja na jinzi zako viache kwa mama yako, kisha unitumie orodha mpya yenye gramu za kila kitu.